Siri za maseri: usitafute kitu, tafuta mutu

Kuko batu benye bakisikia bijana banabishana juu ya seri banasema ile ni kazi ya kukosa kazi. Mi naona haiko vile. Kubishana juu ya seri ni kazi ya akili kabisa, shida ni kama batu mingi banaifanya kwa upande mubaya, banakamata swali yenye haina majibu na banaacha ile yenye majibu iko mbele ya macho yabo. Mwenye hajamaliza Lost, Twin Peaks, Game of Thrones ao Severance asimamie hapa, arudi kiisha, minamwambia mapema asikuje kulia.

Tuanze na namna seri inafika huku kwetu Lubumbashi, juu ile peke yake inabadilisha muchezo yote. Ku Marekani, kwa miaka mingi seri ilikuwa inapita episodi moja kwa juma, batu banangoja siku saba, na mu ile siku saba, ukitosha baandishi na bale benye banacheza, hakuna mutu anajua kitu gani inafwata. Teori zilikuwa zinazaliwa mu ule muda ya kungoja. Kwetu unaenda na kle yako (ile flash ya kubebea seri) kwa mwenye ordinateri pembeni ya soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, eko amefungua dosie mbele yake, sezoni ya kwanza mupaka ya mwisho, unachagula, anakukopiyea yote kwa mara moja, unalipa franga kidogo unarudia ku nyumba. Ni kusema mwisho iko tayari mu muji. Kuko mutu mu avenyu yako mwenye ameshamaliza, anakuangalia tu vile unateseka na anacheka chini chini. Kitu yenye inatungojesha sisi ni delestaji, umeme inaenda katikati ya episodi ya saba, batu bote banatoka inje, banakaa mu lupango na giza yabo, na pale njo mabishano inaanza kwa nguvu.

Sasa angalia kitu yenye mi naona ni ya ajabu. Yule mwenye amemaliza eko pale pale, amekaa na benzake, angeweza kusema majibu na mambo ingeisha. Na mara mingi anasema kweli, juu batu ba hapa habana subira ya kuficha. Lakini mabishano haiishi! Unamwambia mutu "fulani njo aliuwa", anakujibu "sawa, lakini juu ya nini?", na munaendelea mupaka umeme inarudi. Kama siri ingekuwa tu habari yenye imefichwa, ingekufa ile saa yenye inasemwa. Kuko siri zenye zinakufa vile, kweli, na kuko zenye zinazidi kuwaka kiisha kusemwa, na tofauti yabo naona iko hivi: ile ya kwanza inauliza kuko nini, ile ya pili inauliza ni nani na kwa nini alifanya vile.

Lost inaonyesha hii mambo vizuri kupita seri yote nayojua. Ilianza ku ABC, televizio ya Marekani, tarehe 22 Septemba 2004, ndege ya Oceanic 815 inatoka Sydney inaenda Los Angeles, inavunjika, inaanguka ku kisanga, na kufika tu episodi ya kwanza na ya pili tayari kuko kitu inavunja miti mu pori bila kuonekana, kuko dubu mweupe ya fasi ya baridi mu pori ya joto, kuko mulio ya radio ya mwanamuke Mufaransa yenye inaita musaada tangu miaka 16. Kiisha kukakuja ile mufuniko ya chuma mu udongo, kukakuja namba 4, 8, 15, 16, 23, 42, na dunia yote ikageuka shule ya hesabu. Batu balijumlisha zile namba bakapata 108, bakafurahi, na kweli kuko kifungo ya kubonyeza kila dakika 108, lakini ukisha kujua 108 unajua nini? Haujui kitu. Uko na namba ingine tu.

Ile mufuniko njo mufano yangu. Sezoni ya kwanza iliisha mu Mei 2005 na mufuniko imepasuliwa na baruti, batu banaangalia shimo, kwisha. Batu balingoja karibu miezi ine. Kulikuwa benye balisema ndani kuko masini ya serikali, bengine banasema ni mulango ya kuzimu, bengine banasema iko chombo ya batu ba sayari ingine. Mu Septemba seri inarudi, na ndani kuko mutu. Mwanaume moja eko anaoga, anafanya mazoezi, anaweka sahani ya muziki, jina yake Desmond, na amefungwa pale tangu miaka mitatu na kazi yake ni kubonyeza kifungo. Masini ilikuwa kweli, na kampuni yenye ilijenga ile fasi ilikuwa kweli, lakini leo mutu anakumbuka nini? Anakumbuka Desmond na Penny. Mwanaume mwenye baba ya binti alimuzarau, akaenda kuzunguka dunia na mashua juu ya kuonyesha ni mutu wa maana, akapotea. Ile episodi ya sezoni ya ine yenye Desmond anamuita Penny ku simu siku moja mbele ya Noeli, batu mingi banaiweka juu kupita zote, na ndani yake hakuna siri hata moja yenye inafunguliwa. Kuko swali moja tu, je ataitika?

Na yule mwanamuke Mufaransa, Rousseau. Mulio yake ilikuwa inasema kuko kitu imebauwa bote. Batu bakatafuta kile kitu kwa miaka. Kumbe benzake bamoja ni yeye mwenyewe alibapiga risasi, juu aliona baligeuka, hawakuwa tena bale alikuwa anajua. Swali iliingia ikiwa "ni kitu gani" ikatoka ikiwa "ni nani, na juu ya nini". Hata zile namba, mu sezoni ya sita bakatuonyesha kila namba iko na jina ya mutu pembeni yake, 4 ni Locke, 8 ni Reyes, 23 ni Shephard, na vile. Batu mingi habakushiba na ile majibu, balikuwa banataka hesabu. Mi naelewa kasirani yabo, lakini baandishi balikuwa banasema waziwazi tangu zamani kama hii ni hadisi ya batu, sisi njo tulikuwa tunaendelea kuhesabu.

Haiko kusema baandishi habana makosa, hapana. Kuanzisha maswali ni rahisi kupita kuyafunga, na Lost ilifungua milango mingi yenye hata benyewe habakujua inaenda wapi. Kitu moja iliokoa ile kazi: mu Mei 2007 ABC ilitangaza kama seri itaisha mu 2010. Kuanzia pale unaona hadisi inaanza kutembea, juu mwenye anaandika anajua ukuta iko wapi. Seri yenye haina siku ya kuisha inalazimishwa kuongeza siri juu ya siri, na mwenye anaangalia anazani kuko mupango ya ndani sana, kumbe ni mutu anatafuta namna ya kufika juma yenye inakuja.

Sasa niingie mu kitu yenye inanichekesha, ni vile siri zingine hazikufanywa na mutu. Mu lupango moja ya Katuba kulikuwa mabishano kubwa kabisa juu ya seri ya polisi, mwanaume mwenye tulimuona amelala hospitali na bandeji ku kichwa, episodi yenye inafwata eko anatembesha gari, kichwa safi, na bibi mwengine pembeni. Teori ikazaliwa pale pale: ni mapacha. Kiisha teori ikakomaa, juu kijana moja wa iniversite alikumbuka kama mu sezoni ya kwanza mama yake alisema "mutoto wangu" na akasimama mbele ya kumaliza, ni kusema alitaka kusema "batoto". Ikapata mashahidi. Ikapata mupaka historia ya mapacha na tarehe ya kuzaliwa. Kumbe mu kle ilikosa episodi mbili, mwenye ordinateri alikopiye vibaya, akazipa namba upya kusudi mutu asione kama kuko pengo. Bandeji ilitoka mu zile mbili, na yule bibi mwengine alikuwa dada yake!

Na kuko ile ya sauti. Sisi tunaangalia mingi mu Kifaransa, na bale benye banatia sauti ya Kifaransa habako mingi, mutu moja anaweza kusemea mupolisi mu episodi ya pili na kiisha kusemea muuaji mu episodi ya tisa. Nilisikia mutu anaapa kama polisi njo muuaji juu "sauti ni moja, mimi siko kiziwi". Na kweli hakuwa kiziwi, sauti ilikuwa moja. Alisoma vizuri kabisa alama yenye hakuna mutu alimuandikia.

Musizani ni sisi ba kle tu. Ile usiku Lost iliisha, tarehe 23 Mei 2010, ABC ilipitisha picha za ndege imevunjika ku mucanga, hakuna mutu, chini ya majina ya benye balicheza. Mamia na mamia ya batu bakakamata pale: unaona, balikufa bote tangu siku ya kwanza, kisanga haikuwa ya kweli! Na hii ilikuwa ku nchi yenye kila mutu alikuwa na episodi zote, bila pengo. ABC ikalazimika kueleza kama zile picha haziko sehemu ya hadisi, balitaka tu batu bapumue kidogo mbele ya habari. Mu seri yenyewe baba ya Jack Shephard, ule wa namba 23, anamwambia waziwazi kama yote ilitokea kweli, fasi yenye balikutana kiisha kufa ni ingine. Lakini mupaka leo, ingia ku meza yoyote, utapata mutu anakuambia "Lost, si balikuwa bote bamekufa?" Maneno ya mutu ndani ya hadisi imeshindwa na picha ya kupumuzisha macho.

Lakini ajali inaweza pia kugeuka siri ya kweli, kama mwandishi anaikamata. Twin Peaks, ya David Lynch na Mark Frost, ilianza mu Aprili 1990 na swali moja, ni nani aliuwa Laura Palmer. Wakati banapiga picha ya mama ya Laura, mufanyakazi moja wa kupanga vyombo, Frank Silva, akaonekana mu kioo bila kutaka. Fasi ingine bangetupa ile picha barudie. Lynch akaibakisha, na yule mufanyakazi akakuwa BOB, roho mubaya yenye ilikuwa imekaa mu nyumba ya bale batu. Sasa angalia kwa nini ilitembea: juu ilikuwa uso ya mutu mu nyumba ya mama. Ingekuwa kivuli ya meza tu, ingekuwa makosa ya kioo.

Kuko mwenye atanipinga hapa na eko na haki. Atasema, Twin Peaks ilikuwa na swali ya nani, si ya nini, na ile siku balijibu, mu Novemba 1990, seri ikaanza kukufa, mu Juni 1991 ikazimika. Lynch mwenyewe alisema hakutaka ile majibu ikuje, televizio njo ilimusukuma. Ni kweli yote. Lakini mi nasema majibu haikuuwa seri, kitu yenye ilifwata njo iliiuwa. Bakatuambia ni baba. Baba ya binti! Mu nyumba moja, meza moja. Kiisha baba anakufa haraka, na hadisi inaacha mama peke yake mu ile nyumba inaenda kushugulika na mambo ya batu bengine benye hatukuwaombea. Swali ya kweli ilikuwa inaanza pale, mama alijua nini na tangu lini? Hakuna mutu alienda kumuuliza. Seri ilirudi ku mulango ya ile nyumba mu 2017 tu, mu sezoni ya tatu, miaka 26 kiisha.

Dallas haikufanya yale makosa, na ilikuwa seri rahisi kabisa. J.R., mutajiri wa mafuta, anapigwa risasi mu Machi 1980, mugomo ya bacheza filmu inasukuma mambo mbele, majibu inakuja tarehe 21 Novemba, Bamarekani karibu milioni 83 bamekaa mbele ya televizio. Ni Kristin, ndugu wa bibi yake. Kesho yake seri inaendelea bila shida, juu ile jamaa ilikuwa bado na mafuta, bado na mashamba, bado na ndugu benye banachukiana. Ukijibu swali ya nani mu jamaa yenye iko na vita, unafungua swali ingine kumi.

Na hapa njo nataka kusema kitu yenye bijana ba lupango habapendi kusikia. Batu benye banajua kusoma seri kupita bote mu huu muji haiko bale benye banasimamisha picha juu ya kuona namba ya gari. Ni bamama ba novela. Bale benye bamekaa miaka mbele ya novela za Meksiko na za Brazil na sasa seri za Uhindi, kazi yabo ni swali moja tu: huyu mutoto ni wa nani, na nani anajua? Banacheka bijana na teori zabo, na bijana banabacheka na novela zabo, lakini weka Game of Thrones mbele ya mama wa novela uone. (Mutoshe kwanza batoto mu nyumba, ile seri haina haya.)

Mufano. Kuko Jon Snow, mutoto wa inje wa Ned Stark, na hakuna mutu anajua mama yake. Ku Ulaya na Marekani basomaji ba vitabu bya George R. R. Martin baligundua tangu miaka ya 1990, kitabu ya kwanza ilitoka mu 1996, kama mama ni Lyanna, ndugu ya Ned, na baba ni Rhaegar, mwana wa mufalme. Balikusanya alama: mauwa ya blu, munara, ahadi ya mutu mwenye anakufa. Na televizio ikasema ni kweli mu Juni 2016. Martin alibauliza hata bale baandishi ba seri, mbele ya kubapa kazi, mama ya Jon ni nani, na balijibu vizuri. Sawa. Mama moja hapa Kamalondo hakujua mauwa ya blu wala munara, aliangalia episodi chache tu mu Kifaransa huku anachambua sombe, na akasema: mwanaume mwaminifu vile, mwenye anashindwa hata kudanganya adui, anabeba mutoto wa inje ku nyumba, anakubali bibi yake amuchukie miaka yote, na anakataa kutaja jina ya mama ya mutoto hata mu kitanda, huyo haficha zambi yake. Mutu anaficha zambi yake kwa kudanganya, anasema alikuwa fulani wa fasi fulani, kwisha. Kunyamaza namna ile ni kuficha mutoto wa mutu mwengine. Aende kuangalia ndugu yake. Akaendelea na sombe yake.

Alifika fasi moja na bale ba mauwa, kwa njia fupi, juu aliuliza Ned ni mutu gani. Na angalia tena, Martin amesema mara mingi kama hawezi kubadilisha mwisho juu basomaji bamegundua, juu alama ziko tayari ndani ya kitabu. Ana haki. Mwandishi mwenye anakimbia basomaji anaanza kuvunja batu bake mwenyewe juu ya kulinda kitu ya kushangaza. Mi nasikitika tu kama seri, kufika mu 2019, ilikuwa na ile majibu yote mu mukono na haikujua kuifanyia kazi, Jon anajua yeye ni mwana wa nani na mwisho bado anatumwa paka kule ku Ukuta, ile fasi ya kaskazini yenye alikuwa analinda zamani, kama vile hakuna mutu alisema kitu.

Mabishano ya sasa ni Severance. Seri ya Apple, ilianza mu 2022, batu bakangoja karibu miaka mitatu sezoni ya pili, ikakuja mu Januari 2025. Batu ba kazi banakubali kupasuliwa ubongo kusudi mwenye anafanya kazi asijue mwenye anaenda ku nyumba, na mwenye anaenda ku nyumba asijue kazi. Na kuko mbuzi. Mu bureau, bana-mbuzi badogo, na mwanaume anabanyonyesha anasema bado habajakuwa tayari. Miaka mitatu bijana banasema mbuzi, mbuzi ni kopi za batu, mbuzi banabeba roho, mbuzi ni jaribio ya dawa. Kiisha sezoni ya pili ikatuambia mbuzi ni ya kuchinja, imusindikize mutu mwenye anakufa. Basi. Kwetu hata hatuhitaji kueleza, mutu amekufa, munachinja mbuzi, shida iko wapi?

Lakini ile sezoni inaisha na kitu ingine, na pale njo lupango imegawanyika mupaka leo. Mark ni moja wa bale benye balipasuliwa, na Mark wa nyumba amefanya yote juu ya kutosha bibi yake Gemma, mwenye alizani alikufa. Amefika ku mulango, Gemma ametoka, anamuita, analia. Na Mark wa kazi, mwili ule ule, anageuka anakimbia na Helly, mwenzake wa kazi mwenye anapenda. Mwenye amemaliza amesema yote, hakuna siri imebaki, na mabishano iko moto kupita ya mbuzi. Bijana banasema ni batu babili, Mark wa kazi hana bibi, hajaoa. Bamama banasema mwili iko moja na jamaa ya Gemma haijui mambo ya ubongo. Na papa moja, mwenye alikuwa anajifanya hasikilizi, akauliza ile mahari, ni nani kati ya bale babili mwenye aliilipa, na kama Gemma akirudia kwa baba yake, wataenda kuidai kwa nani.